Nani Alale Juu

Mwanangu Adongo,

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na mbele ya mashahidi wawili ambao ni taa ya chemli na paka, natangaza rasmi kwamba kuanzia jioni ya leo ngazi ya kitanda cha ghorofa cha nyumba hii imeacha kutumika kama mahali pa kutundikia suruali za baba yako. Suruali zenyewe zimeondolewa kwa heshima na kupelekwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Baba yako alipewa nafasi ya kujitetea. Akasema, "Na mimi nitaanika wapi?" Kesi ikafungwa.

Usicheke. Nilitaka kuiona hiyo ngazi ikiwa tupu kabla hujaondoka, maana karibu kila kitu ninachojua kuhusu watoto nilikijulia hapo, nikiwa nimesimama kwenye kidato cha pili na shuka mkononi.

Mambo ya sweta, ya vidonge vya malaria, na ya kutomjibu mtu anayekuita "sista" pale stendi, Apiyo ameshakuimbia tangu Jumapili, na dada yako akiimba jambo haruki ubeti. Mimi nayaacha. Nakuandikia la vitanda. Tena nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu huko Ukuria Kidholuo chetu hakitakununulia hata chumvi, na matroni anahitaji lugha ya kugombeza. Kiswahili changu unakijua kilikotoka: redioni, na kwenye magazeti ya kufungia sukari. Ndiyo maana habari nyingi ninazozijua zinakatika katikati.

Nina furaha mpaka naona haya. Tangu mwalimu mkuu wa ile shule mpya ya Ntimaru alete neno kwamba wewe ndiwe matroni wa bweni la watoto wadogo, na kwamba kazi yako ya kwanza, kabla hujafungua hata sanduku, ni kuchagua vitanda vyao, mimi sijatulia. Natembea sokoni hapa Rodi na shuka zangu za kuuza begani kama niliyeteuliwa mimi. Juzi nikamwambia yule mama wa nyanya, "Binti yangu anakwenda kuchagua vitanda vya ghorofa, vingi." Akaniuliza, "Kwani anaolewa na ukoo mzima?"

Sasa sikiliza kinachonikosesha usingizi. Jumatatu wataviweka vitanda viwili vya mfano uwanjani: cha chuma cha Yusuf wa Migori, na cha mbao cha fundi wa hapo hapo Ntimaru. Kamati itakuwepo, wazazi watakuwepo, mwalimu mkuu atakuwepo na miwani yake. Watazunguka, watagonga, watasifu. Mwisho watakugeukia wewe, uliyemaliza kidato cha nne juzi tu, wakuulize, "Matroni, unaonaje?" Watakachokichagua siku hiyo ndicho watoto watakachopanda na kushuka kila siku mpaka shule ile izeeke. Na mimi najua utakachotaka kujibu. Utataka kujibu, "Ni sawa tu."

Ulijibu hivyo hivyo Jumanne, tulipopita kwa Yusuf. Mtu mwenyewe sina ugomvi naye. Ni mtu wa Pwani aliyekuja Migori zamani na magodoro mawili na sasa ana duka zima, mbele magodoro, nyuma karakana ya kuchomelea, na ana adabu ya kumkaribisha mteja kwa chai hata kabla hajamdanganya.

"Karibu mama, karibu dada," alisema. "Hiki kitanda, hata mbunge akilala hakivunjiki."

"Mbunge halali bwenini," nikamwambia. "Nieleze habari za mtoto wa darasa la kwanza."

"Mtoto ni mwepesi, mama! Si ndiyo rahisi zaidi?"

"Mbunge akianguka ana watu wa kumdaka. Mtoto anaanguka peke yake."

Akacheka, nami nikavua viatu nikapanda, na gauni langu la kanisani. Wachomeleaji wakazima mashine wasije wakakosa kitu. Unakumbuka vile vidato? Bomba la mviringo, jembamba kama mpini wa mwiko. Kwa mtu anayepanda mchana amevaa viatu, hapana shida. Kwa mtoto anayeshuka gizani, miguu mitupu, nusu amelala na mkojo umembana, ni mtihani. Nikajilaza kule juu. Kizuizi kilikuwepo, lakini upande wa nje pekee, na chenyewe kiliishia kiunoni, kana kwamba watoto huanguka kwa kichwa tu.

"Na upande wa ukutani?" nikauliza.

"Upande wa ukutani kuna ukuta, mama."

"Kitanda kikisogea?"

"Kitanda cha chuma kisogee kwenda wapi?"

Nikajigeuza mara moja, kwa nguvu, kama Apiyo akiota. Kitanda kikalia kama lango la kanisa na kikasogea, na kati yake na ukuta pakawa na nafasi ya kumeza mtoto na blanketi lake. Yusuf akakitazama kama mtu aliyetukanwa na mwanawe.

"Mama," akasema, "wewe ungeolewa na injinia."

"Nimeolewa na mwashi. Anatosha."

Kisha nikakugeukia wewe, uliyekuwa umepanda na kushuka kabla yangu. "Adongo, unaonaje?" Ulikuwa umesimama kwa mguu mmoja unasugua unyayo. Ukasema, "Ni sawa tu, Mama." Unyayo ulikuwa na alama ya bomba! Niliiona!

Hilo neno nalijua, mwanangu. Nalijua kama ninavyojua jina lako, kwa sababu lilizaliwa ndani ya nyumba hii, kwenye kitanda hiki, na sisi wakubwa ndio tuliokuwa wakunga.

Mlikuwa mnaingia darasa la kwanza, wewe na pacha wako. Baba yako alikuwa amekwenda Homa Bay mjini kujenga choo cha shule moja ya bweni, akarudi macho yamemtoka. "Watu wanalala juu ya watu!" alisema. "Kitanda ni kimoja, lakini ni viwili. Nafasi inayobaki unaweza kuweka kabati." Kabati hatukuwa nalo na hatujawahi kuwa nalo, lakini nafasi yake aliipenda tangu siku hiyo. Akampa kazi fundi Otieno, ambaye alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka Macalder, alikokwenda kutafuta dhahabu akapata malaria. Otieno alikuwa na haraka ya kurudi kwenye mashimo, kwa hiyo alitumia mkaratusi uliokatwa wiki ile ile. Ukiugusa ulikuwa baridi na unatoa maji. Mimi nikasema, "Mbao nzuri, mbichi kabisa," kana kwamba nanunua mboga.

Alikitengenezea nje, chini ya anga, mpaka msumari wa mwisho. Ndipo tulipogundua kwamba mlango wa nyumba ni mwembamba kuliko kitanda. Mtu mwingine angekifungua. Baba yako ni mwashi, alibomoa mlango. Wiki nzima tulilala na shimo la ukubwa wa ng'ombe kwenye ukuta, kisha kitanda kikakaa ndani, ukuta ukajengwa upya, na tangu hapo hakijawahi kutoka. Ndiyo maana nakwambia, Jumatatu, kabla ya sifa zote, uliza kama kinafungukia bolti. Kitanda cha bolti kinaingia popote, na kikilegea unakaza kwa spana. Cha misumari kikilegea unapiga msumari mwingine pembeni ya ule wa kwanza, na mwingine pembeni ya huo, mpaka kitanda chote ni misumari na kunguni.

Mkaratusi ulipokauka, ukajipinda. Taratibu, kama mtu anayegeuka kumsikiliza jirani. Mguu mmoja ukawa hewani. Tukauwekea jiwe.

Lakini hayo yote ni ya mbao. Kosa kubwa halikuwa la mbao.

Jioni ya kwanza, kitanda kikiwa kimesimama, nyumba nzima ilijaa. Bibi yenu, Dani, alikuja na kigoda chake akakaa katikati, na swali likawa moja: nani alale juu? Hakuna aliyeuliza nani anaogopa. Hakuna aliyeuliza nani anageuka usingizini, nani anakojoa, nani anaweza kushuka ngazi mwenyewe. Tulikuwa tunagawa vyeo. Dani akasema, "Apiyo ndiye aliyetangulia duniani. Mkubwa hawezi kulala chini ya miguu ya mdogo wake. Mnataka kuleta nini hapa nyumbani?" Majina yenu yenyewe yalikuwa yameshaamua: Apiyo, aliyetangulia, Adongo, aliyebaki nyuma. Muda kati yenu ni mfupi kuliko wa kuchemsha chai, lakini kwa Dani wewe ungali umechelewa mpaka leo. Nami nikapiga makofi. Nilikuwa mama wa mapacha mwenye kitanda cha ghorofa. Ungeniambia niwapange kwa kilo, ningewapanga.

Apiyo akapandishwa kama askofu. Wewe ukaingia chini.

Kumbe Apiyo alikuwa anaogopa ngazi. Kupanda alipanda, maana watu walikuwa wanatazama. Kushuka gizani hakuweza. Na mabati yalikuwa karibu na uso wake hivi kwamba akikaa anagonga kichwa, misumari ya paa inamtazama, na mchana wa jua kali kule juu palikuwa kama ndani ya sufuria. Kwa hiyo akawa anabana mkojo kitandani mwake, anabana, anabana, na alfajiri anaachia.

Wewe ulikuwa chini.

Sasa hapa ndipo nilipoonyesha akili zangu. Nikaona godoro lako lina maji, nikasema paa linavuja. Baba yako akapanda juu na lami. Baada ya siku chache maji tena, akapanda tena. Akaziba kila tundu, akaziba mpaka misumari mizima ambayo haikuwa na tatizo. Ulikuwa wakati wa kiangazi, mwanangu. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, ng'ombe wanalamba ardhi, watu kanisani wanaomba mvua, na sisi tunaziba paa lisivuje. Jirani akamwuliza baba yako, "Omera, ndugu yangu, unajiandaa na gharika?" Baba yako akamjibu kwa kiburi kabisa, "Mimi nyumba yangu inavuja hata jua likiwaka." Harufu tulimsingizia paka. Si huyu shahidi wangu wa leo. Ni bibi yake, marehemu, na kama ningejua kaburi lake ningekwenda kuomba radhi.

Na wewe hukusema neno. Ulijitafutia gunia la nailoni la mbolea, ukalifungua mshono, ukawa unajifunika juu ya blanketi. Asubuhi unalikunja vizuri unalisukuma chini ya godoro. Nililiona nikafikiri unacheza nyumba-nyumba.

Alfajiri moja nikaamua kulijua hilo tundu. Nikakuhamishia kitandani kwetu, nikajilaza mahali pako, uso juu, macho kwenye chaga za kitanda cha dada yako, nisubiri paa livuje. Jogoo wa kwanza, kimya. Jogoo wa pili, tone likanidondokea kwenye paji la uso.

Lilikuwa la vuguvugu.

Nimeishi Homa Bay maisha yangu yote, na mvua ya vuguvugu sijaiona.

Niliamka nikacheka mpaka baba yako akadhani nimerukwa na akili. Kisha nikatoka nje nikanawa, nikiwa nanawa nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Nikakuita. "Adongo, ulijua?" Ukaitikia kwa kichwa. "Kwa nini hukuniambia, nyathina, mwanangu?" Ukasema, kwa sauti yako nzuri kabisa, bila hasira hata chembe: "Ni sawa tu, Mama. Apiyo ni mkubwa."

Ndiyo siku ile niliyolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Na wala si wewe uliyelitunga. Tulikufundisha sisi, jioni moja tu, kwa kigoda na makofi.

Tukabadilisha. Apiyo chini, wewe juu, kwa sababu wewe ulipanda ngazi ile kama kinda la nyani na kushuka ukiwa umefumba macho. Dani akanuna. Akanuna mpaka akakataa uji. Ikabidi nitumie siasa. Nikamwambia, "Mama, Apiyo bado ndiye wa kwanza: kila jioni yeye ndiye atakayeingia kitandani kwanza, na Adongo hatagusa ngazi kabla dada yake hajalala." Dani akafikiri, akasema, "Hapo sawa," akaomba uji. Miaka yote hiyo umesimama chini ya ngazi ukimsubiri Apiyo ajifunike, na ukidhani ni usalama. Ilikuwa ni mkataba wa amani.

Kisha nikafanya kosa langu lingine, na hili nililifanya kwa upendo, ambayo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Nilitaka kukufidia. Godoro la Apiyo nililianika, nikalipiga fimbo, nikaliongezea pamba. Harufu ikapungua lakini haikuhama. Wewe nikakushonea jipya, la pamba tupu, nene, refu kwenda juu kama mkate. Nililipandisha mwenyewe nikasema, "Lala sasa kama binti wa chifu." Sikutazama kizuizi. Ubao wa Otieno ulikuwa mfupi tangu mwanzo, na godoro langu likaumeza. Ulilala sawasawa na ukingo, kama kikombe kilichowekwa mwisho wa meza.

Ulianguka usiku wa tatu. Namshukuru Mungu kwa gunia la dagaa, omena wa shangazi yako, lililokuwa pale chini. Liliupokea mwili, lakini mdomo uligonga ngazi. Nilipofika na taa ulikuwa umekaa juu ya omena, damu kidevuni, kipande cha jino mkononi, unaniangalia kama wewe ndiwe uliyevunja kitu changu. Na ukasema tena. Unajua ulichosema.

Baba yako akapigilia ubao wa kreti ya samaki juu ya ule wa zamani, pande zote mbili, asubuhi ile ile kabla ya chai. Upo mpaka leo. Kila ukicheka naiona ile pembe ya jino, na ingawa watu wanasema inakupendeza, mimi naona godoro.

Kwa hiyo Jumatatu, mama, fanya hivi. Chukua godoro lenyewe watakalolalia watoto, si la maonyesho, ulipandishe juu, ndipo utazame kizuizi kimebaki kiasi gani. Lala chali, weka mkono wako ubavuni ukiusimamisha kwenye kiwiko. Kizuizi kisipofika kwenye kifundo cha mkono, sema. Pitisha kichwa cha mtoto, yaani mfikirie mtoto, usije ukambana mtoto wa watu mbele ya kamati, kwenye nafasi kati ya kizuizi na godoro. Kichwa kikipita kabisa ni hatari, mabega yakikwama ni hatari zaidi. Inafaa isipite hata ngumi yako. Panda ngazi miguu mitupu. Waombe wanaume wa kamati nao wapande miguu mitupu. Utaona jinsi chuma cha Yusuf kitakavyopoteza marafiki.

Cha mbao nacho usikipende kwa sababu ni cha mbao. Kiguse. Kikiwa baridi na kizito kama samaki, ni kibichi, mwambie fundi akiache kikauke kwanza, na kamati itanuna kama Dani, na itakunywa uji baadaye kama Dani. Mwenye kulala chini naye akae kitandani aone kama kichwa kinagusa chaga. Mtoto asiyeweza kukaa kitandani kwake anakuwa kama mzigo. Na kule juu, ukikaa, mabati yawe mbali. Ntimaru kuna baridi kuliko huku kwetu ziwani, watakwambia joto si tatizo. Misumari ya paa haina habari ya baridi. Neti zining'inie kwa kila kitanda, zisifungwe kwenye kizuizi cha juu mpaka wa chini akivuta, wa juu anafunuliwa. Taa ya mafuta isikae sakafuni chini ya kitanda hata kama mtoto analia anaogopa giza. Mwenye kuogopa giza mpe kitanda cha karibu na mlango wako.

Na vitanda vikishapangwa, usiwapange watoto kwa darasa, wala kwa kimo, wala kwa ukubwa wa mzazi. Utaona. Kutakuwa na mtoto wa mfanyabiashara wa mpakani ambaye baba yake ameleta sukari ya shule gunia zima, naye atataka mwanawe awe juu, dirishani. Muulize yule mtoto mwenyewe, pembeni, kwa sauti ya chini: unaweza kushuka peke yako ukitaka kwenda choo? Halafu usisikilize mdomo. Tazama anavyoiangalia ngazi. Na yule atakayekwambia "ni sawa tu" kabla hujamaliza kuuliza, huyo mfuate. Nenda ukaguse godoro lake. Wewe ndiye mtu pekee katika wilaya hiyo nzima anayejua kinachoweza kuwa kimefichwa chini yake.

Nakwambia haya yote nikicheka peke yangu, na paka ameshahama. Unajua kinachonifurahisha zaidi? Kwamba walikuuliza wewe. Wangeweza kumuuliza mtu mwenye tai. Watoto wale hawajui bado, lakini atakayewachagulia pa kulala ni mtu aliyelala chini akalowa, akalala juu akaanguka. Hakuna chuo kinachofundisha pande zote mbili.

La kesho asubuhi nimeshalipanga na Dani, usishangae. Amelalamika wiki nzima kwamba mdogo anatokaje nyumbani kwenda kazini na mkubwa bado anajifunza kushona hapa Rodi. Kwa hiyo Apiyo atatangulia kutoka mlangoni, amebeba sanduku lako, atafika langoni, atavuka, kisha wewe utatoka. Akishavuka amekwisha kuondoka kabla yako, na anaweza kurudi kula uji. Dani ameridhika. Apiyo anasema anataka kulipwa nauli.

Godoro lako nimeshalifunga kwa kamba ya katani, lipo pale mlangoni. Ni lile lile nene la binti wa chifu, ingawa unene umekwisha; siku hizi yenu yote mawili yamelegea yakalingana kama wenyewe. Wiki iliyopita niliyashonea kava mpya za mistari ya buluu, kutoka kitambaa kimoja, ili Apiyo asiseme nimempendelea mtu. Lako nilikaza mshono mara mbili. Nataka matroni wa Ntimaru atandike kitanda chake mbele za watu bila wasiwasi.

Ukiwa uwanjani Jumatatu na macho yote juu yako, neno likikukwama, pitisha ulimi kwenye ile pembe ya jino. Kisha sema unachokiona. Wakikasirika, watakasirika wakiwa wima; hakuna atakayeanguka.

Ni mimi mama yako.

Nilikuwa nimeshaandika hayo ya mwisho na kukunja karatasi, ndipo ulipoingia sasa hivi kuchukua leso yako. Nayaongeza haya kwa sababu wewe umeyaona kwa upande wako, na ni haki yaandikwe. Ulipita mlangoni, ukasimama kwenye godoro, ukainama, ukanusa.

"Mama, hili siendi nalo."

"Kwa nini? Ni lako hilo. Lile zuri."

"Si langu."

"Adongo, kava nimeshona mimi kwa mkono wangu!"

"Na mimi ndiye niliyelala chini yake," ukasema. "Nitafutie lile lingine, tafadhali." Ukachukua leso ukatoka, na nikamsikia Apiyo huko nje akiuliza kuna nini, na wewe ukimjibu, "Liulize godoro lako."

Nimechukua wembe, nimefungua mshono, nimechungulia madoa ya zamani. Ni la Apiyo.